Kujiona na Kuridhika: Hojaji Zetu Zinapima Nini kwa Wanachuo Wenye Ulemavu?

Utangulizi

Wahadhiri wa Kiswahili wamezoea kufuatwa na wenzao wa idara za elimu na saikolojia wakiombwa kutafsiri karatasi mbili tatu, tena kwa haraka. Aghalabu karatasi hizo huwa ni hojaji zilizotungwa kwa Kiingereza, na miongoni mwazo zimo zinazowahusu wanachuo wenye ulemavu: wanajionaje nafsi zao, na wanaridhika kwa kiasi gani na maisha yao. Maswali hayo yanastahili kuulizwa. Kwa muda mrefu wanaoandika juu ya ulemavu katika nchi zetu walihesabu watu, wakahesabu shule, wakahesabu hata fimbo nyeupe, lakini mwenyewe hawakumwuliza hali yake.

Makala haya hayapingi kuulizwa kwake. Yanapinga dhana kwamba swali likishatafsiriwa kwa usahihi wa kamusi huwa limekwisha kuulizwa. Hoja yetu ni kuwa Kiswahili kina desturi zake za kusema juu ya nafsi na juu ya ridhaa, na kwamba desturi hizo zikipuuzwa humfanya mwanachuo mwenye ulemavu aonekane katika majedwali kuwa ameridhika na mambo ambayo hakuyaridhia kamwe. Athari yake si ndogo. Mkuu wa chuo akipelekewa jedwali linaloonyesha kwamba wanafunzi wake wanaotumia viti vya magurudumu wana alama za juu za kuridhika, atakuwa na sababu gani ya kutenga fedha za kujenga njia ya mteremko kwenye maktaba iliyo ghorofani? Wanaozisoma nambari ni wengi kuliko wanaoisoma hojaji.

Vipimo vinavyotafsiriwa

Kipimo cha kuridhika na maisha kinachojulikana zaidi ni kile cha Diener na wenzake (1985). Kina sentensi 5 tu, na anayejibu huchagua moja kati ya madaraja 7, kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Kwa hiyo jumla ya alama huwa kati ya 5 na 35. Kwa upande wa kujithamini, hutumiwa sana kile cha Rosenberg (1965), chenye sentensi 10, nusu zikiwa za kujikweza na nusu za kujishusha, ambacho kilitumiwa kwanza kwa vijana wa shule za sekondari wa jimbo la New York. Ni vipimo vyepesi kutumia, na wepesi huo ndio uliovifikisha hadi kwetu.

Ili kuhakikisha ubora wa tafsiri, watafiti hufuata utaratibu uliofafanuliwa na Brislin (1970): mtu wa kwanza hutafsiri kwenda lugha ya pili, wa pili huirudisha tafsiri hiyo katika lugha ya kwanza bila kuiona matini asilia, kisha matini mbili hulinganishwa. Utaratibu huu hugundua makosa ya wazi. Haugundui kosa ambalo kamusi mbili zimeshirikiana kulificha, na kosa la namna hiyo ndilo tunalolizungumzia hapa.

Tuchukue sentensi ya tatu ya Diener, ambayo msemaji hutamka kwamba anaridhika na maisha yake. Kiswahili chake ni 'Naridhika na maisha yangu', na mrudishaji ataipeleka kwenye Kiingereza bila kukosea hata neno moja. Lakini neno 'ridhika' halikutoka katika kushiba wala katika kupata. Shina lake ni lile la 'radhi', la 'kuwa radhi', la 'niwie radhi', la 'radhi za wazazi', na la 'kuridhia', kitenzi kinachotumiwa Bunge linapoukubali mkataba. (Kwa neno hilohilo tunasema kwamba Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Kenya mwaka mmoja kabla yake.) Kiini chake ni ukubali: mtu kukipokea kilichokwisha kuamuliwa, na kutokigombania. Kwa Mwislamu na kwa Mkristo vilevile, anayeridhika ameupokea mgawo wa Mwenyezi Mungu. Asiyeridhika anajiweka karibu na kukufuru, au walau karibu na kuitwa mlalamishi. Mwanachuo asiyeona anapopewa sentensi hiyo huwa anaulizwa maswali mawili kwa pamoja: maisha yako yakoje, na je, unamlaumu Mungu kwa jinsi ulivyo? Jibu la swali la pili tunalijua kabla hajafungua kinywa.

Yapo maneno mengine, na kila moja lina mtego wake. 'Kukinai' kunavuka kuridhika: aliyekinai hataki zaidi, na pengine hata kukitazama chakula hataki. 'Kutosheka' kunakaribia zaidi kupima, maana 'kutosha' ni neno la kibaba na pishi. Lakini ukikanusha na kusema 'sitosheki', umejitangaza kuwa mtu wa tamaa. Hata 'ridhika' katika ukanushi hupata maana hiyo, kwani 'haridhiki' husemwa juu ya mtu asiyewezekana kuridhishwa. Kwa hiyo upande wa kukubali wa kipimo ni upande wa adabu na shukurani, na upande wa kukataa ni wa uroho na ukaidi. Madaraja 7 yaliyopo baina yake hayamsaidii mtu. Na lile la 'nakubali kidogo' linategemea sauti, kwa kuwa 'kidogo' letu huweza kuwa kiasi fulani au likawa si chochote.

Nzuri, ila...

Tatizo la msamiati linazidishwa na desturi ya mazungumzo. Maamkizi ya Kiswahili huulizia hali ya maisha kila siku, na majibu yake yamekwisha kupangwa. 'Hujambo?' humwuliza mtu kama hana jambo. Naye, awe nalo au asiwe nalo, hujibu 'sijambo'. Aulizwaye 'habari za maisha?' hujibu 'nzuri' au 'tunashukuru', hata akiwa amelala hospitali. Hapo hakuna uongo. Jibu hilo ni mlango tu, na kauli yenyewe huja baada yake, ikitanguliwa na neno dogo: 'ila'. Nzuri, ila mguu unanisumbua. Nzuri, ila mkopo haujatoka. Msikilizaji mwenye adabu huisubiri 'ila', na asiyeisubiri huhesabiwa kuwa hakutaka habari.

Hojaji ya Kiswahili inayomwuliza mwanachuo juu ya maisha yake kwa jumla hufanana mno na maamkizi. Hupokea ile 'nzuri', huigeuza kuwa nambari, kisha hupita kwenye sentensi inayofuata kabla 'ila' haijatamkwa. Katika 'ila' ndimo yalimo mambo tuliyotaka kuyajua: kitabu cha kiada ambacho hakijapigwa chapa ya nukta nundu hadi muhula umekwisha, mhadhara unaohamishiwa ghorofa ya tatu kwa tangazo lililobandikwa ukutani, ambalo asiyeona hakulisoma na mwenye kiti cha magurudumu hakuweza kulifuata, mwenzake wa kumwongoza njia ambaye leo ameamka na mtihani wake mwenyewe.

Sentensi ya tano ya Diener ni mfano mzito zaidi. Humtaka msemaji akubali au akatae kwamba, lau angeishi upya, asingebadili karibu chochote. Kwa Kiswahili lazima tutumie '-nge-' au '-ngali-', hali ambayo hekima yetu huitilia shaka tangu zamani, kwani ningejua huja nyuma. Tena kwa mwanachuo aliyezaliwa na ulemavu sentensi hiyo haisemi kama 'chochote' kinauhusu mwili wake au la. Mmoja ataijibu akifikiri juu ya macho yake, mwingine juu ya kozi aliyoichagua, na alama zao zitajumlishwa pamoja kana kwamba wamejibu swali moja.

Shaka ya haki

Hapa hapana budi kukabili pingamizi lenye nguvu, nami naliheshimu. Watasema baadhi ya wasomaji kwamba hoja hizi zinamnyima mtu mwenye ulemavu haki ya kuaminiwa. Anaposema ameridhika, sisi ni nani tuseme hakuridhika? Albrecht na Devlieger (1999) waliwahoji watu 153 wenye ulemavu nchini Marekani wakakuta kwamba, miongoni mwa wenye ulemavu wa wastani hadi mzito, asilimia 54.3 waliyaeleza maisha yao kuwa mazuri au mazuri sana. Waliokuwa wakishangaa ni watu wa nje. Kabla yao Brickman na wenzake (1978) walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba watu waliopooza kwa ajali hawakuwa na huzuni ya kiasi walichodhaniwa kuwa nayo. Asiye na ulemavu hujiwekea kipimo cha hofu yake mwenyewe, kisha humpimia nacho mwenzake.

Kwa upande mwingine wapo kina Elster (1983) na Sen, walioonya kwamba mtu aliyezoea kukosa huweza kuyapunguza matakwa yake hadi yalingane na anachopata, kama yule sungura wa hadithi zetu aliyezikosa ndizi akazisingizia ubichi. Onyo hilo ni la kweli, lakini likitumiwa ovyo huwa tusi: kila furaha ya mtu mwenye ulemavu itaitwa ya sungura, na kila malalamiko yake yataitwa ya kweli.

Naona kwamba pande hizo mbili zinabishana juu ya nafsi ya anayejibu, ilhali kosa la kwanza limo katika sentensi aliyopewa. Mwanachuo anaposema kwa maneno yake kwamba ana raha, na aaminiwe, bila kutafutiwa sababu. Tunachokitilia shaka ni alama ya vyema aliyoitia mbele ya 'naridhika', neno ambalo hakulichagua, katika lugha inayomlazimu kulikubali.

Kujiona

Kuhusu kujithamini mambo ni magumu zaidi, kwa sababu ya kiambishi kirejeshi '-ji-'. Neno jepesi la kumaanisha jinsi mtu anavyoitazama nafsi yake ni 'kujiona', nalo limo katika anwani ya makala haya kwa makusudi. Lakini mtu wa kawaida akiambiwa 'unajiona' huelewa kwamba anashutumiwa kwa kiburi. Ndugu zake ni 'kujisikia', 'kujidai', 'kujitia', 'kujigamba' na 'kujitapa'. Linapotakiwa kusema jema, '-ji-' huelekea zaidi kwenye maadili: 'najiheshimu' si kwamba naiona thamani yangu, bali kwamba sina mwenendo wa aibu. Hivyo mwanachuo wa kike mwenye ulemavu wa miguu akiitikia 'najiheshimu' ametujibu juu ya tabia yake, nasi tukaandika kwamba tumepima kujithamini kwake. 'Kujithamini', 'kujikubali' na 'kujiamini' ni bora zaidi, ijapokuwa mawili ya kwanza yananukia warsha, na kinachonukia warsha hujibiwa kama warsha inavyotaka.

Zile sentensi za kujishusha nazo zina kasoro ya kisarufi. Mswahili aulizwaye 'huendi?' hujibu 'ndiyo' akiwa na maana ya 'ndiyo, siendi'. Haijibu kwa kufuata njia ya Kiingereza. Sentensi kama 'Sina mengi ya kujivunia', ikifuatwa na chaguo la 'sikubali', humtaka msomaji akanushe ukanushi, kazi inayomchanganya hata mwenye shahada. Schmitt na Allik (2005), waliokilinganisha kipimo cha Rosenberg katika mataifa 53, walikuta kwamba sentensi hizo za kujishusha hazikueleweka kwa namna moja kila mahali. Kwa Kiswahili hatukuhitaji mataifa 53 ili kulijua hilo.

Aidha, mtu hujiona kupitia jina analoitwa. Sarufi za Kiswahili tangu ya Ashton (1944) zimezoea kuonyesha kwamba majina ya wenye kasoro za mwili yamo katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Wapo wanaodai kwamba ngeli hiyo imewageuza watu kuwa vitu. Dai hilo limepita kiasi, kwa kuwa kiongozi na kijana nao wamo humo, na upatanisho sanifu husema 'kipofu huyu anasoma'. 'Kipofu hiki kinasoma' ni tusi, na kila msemaji anajua kuwa ni tusi. Lenye uzito zaidi ni neno 'kilema' peke yake, kwani lina kazi mbili. Husemwa 'kilema chake', yaani kasoro aliyo nayo, na husemwa 'kilema yule', yaani mtu mwenyewe. Jeraha na mjeruhiwa wamepewa jina moja, wakitofautishwa na upatanisho tu. 'Mlemavu' lilikuja kuwatenganisha, likamwingiza mtu katika ngeli ya M-WA. Lakini kwa kuwa limeundwa kwa '-vu' ya hali, kama 'mpotevu' na 'mtulivu', linamwonyesha kuwa hali hiyo imemwenea mzima. 'Mtu mwenye ulemavu', lililomo katika Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010, humpa mtu nafasi ya kwanza na ulemavu nafasi ya kitu alicho nacho.

Hata hivyo kutunga majina ya heshima si kazi ya kufanywa ofisini. 'Asiyeona' limekubalika kwa wengi. 'Asiyesikia', lililotungwa kwa kanuni ileile, ni hatari, kwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu: katika Kiswahili asiyesikia ni mkaidi. Haishangazi basi kwamba Chama cha Viziwi Tanzania kinalitumia neno 'viziwi' katika jina lake bila haya, na waliolichagua ni viziwi wenyewe. Hojaji inayoanza kwa kumwita mtu jina asilolitaka imekwisha kuyaathiri majibu ya sentensi zote zinazofuata.

Methali nazo hazimwachi. 'Hujafa hujaumbika' huambiwa asiye na ulemavu ili asicheke. Mwenye ulemavu anayeisikia hujikuta yeye ndiye onyo. 'Heri kufa macho kuliko kufa moyo' inausifu moyo, lakini kwa kuyafanya macho yaliyokufa kuwa kipimo cha balaa. Mwanachuo asiyeona ameyasikia hayo tangu utotoni, na hojaji haina mstari wa kumwuliza ameyafanyia nini.

Kiambishi -ik- na upungufu wa vitu

Lugha hiyohiyo, kwa bahati, ina njia ya kutokea. Vipimo tulivyovitaja humlazimisha mwanachuo kuwa kiima cha kila sentensi: mimi naridhika, mimi sitosheki, mimi siwezi. Kiswahili hakimlazimishi. Ukisema 'sitosheki na chumba hiki', upungufu ni wangu. Ukisema 'chumba hiki hakinitoshi', upungufu ni wa chumba. Vivyo hivyo 'siwezi kupanda ngazi' humweka mtu kizimbani, lakini 'ngazi hazipandiki' huziweka ngazi. Mlango haupitiki. Ubao hausomeki. Choo hakiingiliki. Mhadhara haufuatiliki. Nadharia ya kijamii ya ulemavu, iliyoasisiwa na wanaharakati wenye ulemavu nchini Uingereza katika miaka ya 1970 na kufafanuliwa na Oliver (1990), ilihitaji mjadala mrefu ili kueleza kwamba kizuizi kimo katika majengo na taratibu, hakimo mwilini mwa mtu. Sarufi yetu hulisema hilo kwa silabi moja, na kila mtoto anayejifunza kusema huijua.

Kwa hiyo mwenye kutaka kupima maisha ya wanachuo hawa kwa Kiswahili angeanza huko. Na aulize ni vitu gani hapo chuoni vinapitika, vinasomeka, vinafikika na kusikika, na vipi visivyo hivyo. Jibu la namna hiyo halimvunjii mtu adabu mbele ya Mungu wala mbele ya mkuu wa chuo. Baada ya kila swali la jumla juu ya maisha na aache mistari mitatu mitupu iliyotanguliwa na neno 'ila', kisha aisome. Kuridhika, kutosheka na kuwa na raha na viulizwe mbalimbali bila kujumlishwa. Inawezekana sana mwanachuo mmoja akawa ameridhika kabisa, hajatosheka hata kidogo, na ana raha siku za Jumamosi, na mambo yote matatu yakawa kweli. Watahiniwa wetu wa shahada za uzamili wanaotafuta mada, ambao kila mwaka huturudia na uhakiki wa riwaya zilezile, wangeweza kuchunguza maneno haya kwa mazungumzo yaliyorekodiwa, wakishirikiana na wanachuo wenye ulemavu wakiwa watunzi wa maswali na wala si wajibuji tu.

Limebaki suala la viziwi, ambalo marekebisho yote hayo hayaligusi. Kwa kiziwi aliyekulia katika Lugha ya Alama, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, na mara nyingi ni lugha aliyofundishwa vibaya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelitambua jambo hilo kwa kuiweka Lugha ya Alama ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza katika shughuli za Bunge. Katika utafiti wetu bado kiziwi hupewa karatasi ileile, na anapoweka alama mahali pasipotarajiwa huandikwa kuwa ana kujithamini kwa chini, ingawa huenda alichokosa ni '-nge-' tu. Sentensi zake zapasa kutungwa upya kwa Lugha ya Alama na viziwi wenyewe, zikarekodiwa kwa video, na majibu yakapokewa kwa njia hiyohiyo. Kazi hiyo isipofanyika kwanza, safu ya viziwi na iachwe wazi katika majedwali yetu, na sababu ya kuachwa wazi iandikwe chini yake.